Tetesi za kadi za michoro za laptopu zijazo: namna ya kuipima memori kabla ya kutuma dola

Memori ya kadi ya michoro ya laptopu haiongezwi. RAM ya kawaida, mara nyingi fundi yeyote mzuri wa Lubumbashi anafungua kifuniko cha chini na kuweka kijiti cha pili kwa dakika kumi. Chipu za memori ya michoro ni jambo jingine: zimechomelewa kwenye bodi kuizunguka GPU (chipu kuu ya michoro), na programu ndani ya kadi imeandikwa kwa idadi ileile. GB 8 ulizonunua leo ndizo utakazokuwa nazo mpaka siku utakapoiuza mashine. Na kwa kuwa laptopu nyingi zenye nguvu zinafika kwetu kwa kuagizwa (dola zinatumwa Dubai, mzigo unakuja kwa ndege au unapitia Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa), kosa la kuchagua halirudishwi dukani kesho yake.

Ndiyo sababu watu wanafuata tetesi: kizazi kijacho kitakuwa na GB ngapi? Ningoje? Habari njema ni kwamba tetesi nyingi kuhusu memori unaweza kuzipima mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kwa sababu memori haigawanyiki kwa matakwa ya mtu. Ina hesabu yake.

Hesabu ya chipu

Kila chipu ya GDDR6 au GDDR7 (aina mbili za memori ya michoro, ya pili ndiyo mpya) inaunganishwa na GPU kwa biti 32. Kwa hiyo chukua upana wa njia ya memori, ugawe kwa 32, utapata idadi ya chipu. Zidisha idadi hiyo kwa ukubwa wa chipu moja, utapata memori yote. Basi.

Chipu za GDDR6 zinazowekwa kwenye laptopu ni za GB 1 au GB 2. Za GDDR7, ambayo kiwango chake kilitolewa na JEDEC, shirika la viwango vya memori, Machi 2024, zipo za GB 2 na za GB 3. Samsung ilitangaza chipu ya gigabiti 24, yaani GB 3, Oktoba 2024. Namba hiyo ya 3 ndiyo chanzo cha tetesi nyingi unazosoma sasa, kwa hiyo ishike vizuri.

Tazama jinsi familia ya RTX 50 ya laptopu ya Nvidia, iliyoanza kutangazwa Januari 2025, inavyokubaliana na hesabu hii:

- RTX 5090: biti 256, chipu 8 za GB 3, jumla GB 24
- RTX 5080: biti 256, chipu 8 za GB 2, jumla GB 16
- RTX 5070 Ti: biti 192, chipu 6 za GB 2, jumla GB 12
- RTX 5070, 5060 na 5050: biti 128, chipu 4 za GB 2, jumla GB 8

5090 na 5080 zina njia yenye upana uleule na idadi ileile ya chipu. Kilichozitenganisha katika memori ni ukubwa wa chipu tu. Hapo ndipo unapoona mlango uliobaki wazi kwa kadi za chini: siku mtengenezaji akiamua kutumia chipu za GB 3 mahali pa zile za GB 2, biti 128 zinakuwa GB 12, biti 192 zinakuwa GB 18, na biti 96 zinakuwa GB 9. Kwa hiyo ukikuta tetesi ya kadi ya laptopu yenye GB 12 kwa biti 128, au GB 18 kwa biti 192, inawezekana kabisa kiufundi. Haina maana kwamba itatoka. Ina maana tu kwamba hesabu haiikatai.

Sasa chukua tetesi inayosema GB 10 kwa biti 128. Chipu nne haziwezi kutoa 10 zikiwa za ukubwa mmoja. Kugawa memori bila usawa kuliwahi kufanyika: GTX 660 ya mezani ya mwaka 2012 ilikuwa na GB 2 kwa biti 192, jambo lililolazimu sehemu moja ya njia ibebe memori zaidi ya nyingine, na sehemu ya mwisho ya memori ikawa ya polepole. Ni njia ambayo wahandisi wanaikwepa. Tetesi ya namna hiyo iweke kando hadi itoke na ushahidi mzito.

GB 16 kwa biti 128 ni swali gumu zaidi. Inawezekana kwa kuweka chipu nane, mbili mbili zikigawana njia moja ya biti 32, moja juu ya bodi na nyingine upande wa chini. RTX 4060 Ti na 5060 Ti za mezani zenye GB 16 zimetengenezwa hivyo. Ndani ya laptopu, chipu za upande wa chini zinakosa nafasi na mahali pa kupoza, na zinakula wati ambazo GPU yenyewe inazihitaji. Mimi ningeitilia shaka tetesi hiyo kuliko ile ya GB 12.

Kosa linalowapata wengi zaidi ni kusoma tetesi ya kadi ya mezani wakidhani ni ya laptopu. Majina ni yaleyale, vitu ni tofauti. RTX 5090 ya mezani ina GB 32 kwa biti 512. Ile ya laptopu ina GB 24 kwa biti 256, na silikoni yake ni ya jamii moja na 5080 ya mezani. RTX 5070 ya mezani ina GB 12, ya laptopu ina GB 8. Ukiona namba ya memori bila neno "laptopu" au "mobile" karibu yake, chukulia ni ya mezani.

Kasi, si ujazo peke yake

Hesabu ya pili: upana kwa biti, zidisha kwa kasi ya chipu kwa gigabiti kwa sekunde, gawa kwa 8. RTX 4060 ya laptopu ina biti 128 na GDDR6 ya 16, kwa hiyo 128 × 16 ÷ 8 = GB 256 kwa sekunde. RTX 5070 ya laptopu ina biti 128 hizohizo lakini GDDR7 ya 24, inatoa GB 384. RTX 5090 ya laptopu, biti 256 kwa 28, inatoa GB 896.

Kumbe GDDR7 inaongeza kasi kwa nusu nzima bila kupanua njia hata kwa biti moja. Kwa mtengenezaji hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu njia pana inadai silikoni kubwa na bodi ngumu. Ndiyo maana sitarajii kadi za kati za laptopu zipanuliwe njia hivi karibuni. Watakachofanya ni kuongeza kasi ya chipu, na labda ukubwa wake.

Hesabu hiyo inapima hata mashine zisizo na kadi ya pekee. Ryzen AI Max+ 395 ya AMD, iliyotangazwa Januari 2025, inatumia memori ya LPDDR5X ya megabiti 8000 kwa sekunde, yaani gigabiti 8, kwa biti 256: 256 × 8 ÷ 8, sawa na GB 256 kwa sekunde. Inaweza kubeba memori hadi GB 128 inayogawanywa kati ya CPU na michoro, na kwenye Windows hadi GB 96 zinaweza kutengwa kwa michoro. Ujazo mkubwa ajabu, kasi ya RTX 4060. Kwa mtu anayeendesha modeli kubwa za akili bandia nyumbani, hilo ni jambo. Kwa mchezaji, si hivyo.

Tetesi inatoka wapi

Uzito wa tetesi unategemea mlango iliyotokea. Faili za draiva zikionyesha namba mpya ya kifaa, kifaa kipo, lakini namba hiyo haisemi GB ngapi. Orodha za mabadiliko za programu kama HWiNFO zinapotaja kadi ambayo haijatangazwa, ni dalili nzuri ya kuwepo. Hapo pia mara nyingi memori haitajwi. Kwa AMD na Intel, mabaka (marekebisho ya msimbo) ya kernel ya Linux yanaeleza mengi kwa sababu yameandikwa na wafanyakazi wao wenyewe, hadharani.

Matokeo ya vipimo kama Geekbench yanaonyesha memori, na hapo watu wanafurahi upesi. Kumbuka kwamba mashine iliyopimwa inaweza kuwa ya majaribio, na jina linaweza kuandikwa lolote. Hati za usafirishaji wa mizigo zinaonyesha bodi za majaribio, ambazo nyingi hazifiki sokoni. Usajili wa majina kwa Tume ya Uchumi ya Eurasia (ya Urusi na jirani zake) ndio dhaifu kuliko yote: makampuni yanasajili kila jina linaloweza kuhitajika, ili tu lisije likakosekana. Na duka lililoweka ukurasa wenye namba kamili za kadi isiyotangazwa, mara nyingi limejaza nafasi kwa kukisia.

Hata tangazo rasmi si mwisho wa safari. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza RTX 4080 ya mezani yenye GB 12, na mwezi uliofuata, tarehe 14 Oktoba, ikaiondoa yenyewe kabla haijauzwa. RTX 3080 Ti ilivumishwa kwa muda mrefu kuwa na GB 20. Ilipotoka Juni 2021 ilikuwa na 12. Memori ndiyo kipengele kinachobadilishwa mwishoni, kwa sababu bei yake inapanda na kushuka. Tangu mwishoni mwa 2025 bei hiyo imepanda vibaya, viwanda vikielekeza chipu zao kwa seva za akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Mtu akikuambia kizazi kijacho lazima kiwe na memori nyingi kwa bei ileile, mwulize chipu zitatoka wapi.

Pima mashine uliyo nayo kwanza

Kabla ya kungoja GB 12, hakikisha GB ndizo zinazokuumiza. Sakinisha GPU-Z, programu inayosoma kadi ya michoro, ni bure na ndogo. Ukurasa wa kwanza unakupa aina ya memori, upana wa njia, ujazo na kasi. Linganisha na hesabu za juu. Kisha fungua ukurasa wa vipimo vinavyobadilika, weka alama ya kurekodi kwenye faili, na ufanye kazi yako halisi kwa saa nzima: mradi uleule wa video, ramani ileile ya mgodi, mchezo uleule.

Soma faili. Memori iliyotumika ikigota karibu na ukomo, mfano 7.6 kati ya 8, na mzigo wa GPU unapanda na kushuka ghafla, memori ndiyo adui. Ikiwa memori imesimama kwenye 5 na mzigo wa GPU ni asilimia 99 wakati wote, unahitaji GPU yenye nguvu zaidi, na GB za ziada hazitakusaidia kitu. Mzigo wa GPU ukiwa chini na memori chini, tazama CPU, au RAM ya kijiti kimoja. Hilo la kijiti kimoja limeharibu laptopu nyingi nzuri, na dawa yake ni rahisi kuliko kadi mpya.

Kwa nini memori ikijaa mashine inakwama badala ya kupungua kasi kidogo? Kinachokosa nafasi kinahamia RAM ya kawaida, na njia ya kukifikia ni PCIe, ile inayounganisha kadi na mashine nzima. RTX 4060 ya laptopu inatumia PCIe 4.0 ya njia 8, takriban GB 16 kwa sekunde. Kutoka 256 kwenda 16. Ndiyo mikato unayoiona kwenye mchezo, na ndiyo Blender (programu ya michoro ya pande tatu) inayokufa katikati ya picha.

Usidanganywe na Windows. Katika "Gestionnaire des tâches" (Task Manager), kurasa za utendaji, kuna mstari wenye neno "dédiée" (iliyotengwa) na mwingine wenye "partagée" (ya kugawana na RAM). Wa kwanza tu ndio memori ya kadi. Wauzaji wengine wanajumlisha yote miwili na kuandika "GB 16" kwenye kadi ya 8.

Kwa makadirio ya mahitaji: modeli ya lugha iliyobanwa kwa biti 4 inataka karibu GB 5 kwa vigezo bilioni 8, karibu 9 kwa bilioni 14, na karibu 20 kwa bilioni 32, ukiacha nafasi ya mazungumzo yenyewe. Kwa hiyo GB 12 inafungua mlango wa bilioni 14, ambao GB 8 inaufunga. Kwa anayefanya kazi hiyo, tetesi ya GB 12 kwa kadi za kati ina thamani ya kusubiriwa. Kwa michezo ya 1080p, GB 8 bado inatosha michezo mingi ukishusha ubora wa nakshi kwa ngazi moja.

Wati

Tetesi husahau wati, na kwetu wati ni nusu ya hadithi. Kadi mbili zenye jina moja na memori moja zinaweza kupishana sana, kwa sababu kila mtengenezaji wa laptopu anachagua kiasi cha umeme. Nvidia inaruhusu RTX 4060 ya laptopu kati ya wati 35 na 115; RTX 5070 kati ya 50 na 100; RTX 5090 kati ya 95 na 150, mbali na nyongeza inayoazimwa kutoka CPU. Kwenye paneli ya Nvidia, sehemu ya "Informations système", utakuta kiwango cha juu cha mashine hiyo. Muulize muuzaji namba hiyo.

Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika, betri inachukua nafasi, na kadi inashuka nguvu papo hapo. Si hitilafu. Betri za laptopu hazizidi Wh (wati-saa) 100 kwa sababu ya sheria za ndege, na haziwezi kumlisha mnyama wa wati 150 kwa muda wa maana. Ukitumia inverta na betri za nje, soma chaja: mashine kubwa zina chaja za wati 240 hadi 330, kwa hiyo inverta ya wati 300 itazima kazi ikikolea. Weka ya 600, na iwe ya wimbi safi. Zile za bei ndogo zenye wimbi la ngazi zinapasha moto chaja na kuifupishia maisha. Kuchaji kwa USB-C ya wati 100 kunafaa kwa kuandika barua, si kwa kadi.

Vumbi jekundu la kiangazi linaziba mapezi ya kupozea. Fungua na kupuliza kabla ya joto la Oktoba, na chipu za memori zitakushukuru kuliko GPU, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazopoa vibaya.

Kungoja au kununua

Nvidia ilitangaza kadi za laptopu za RTX 30 Januari 2021, za RTX 40 Januari 2023, za RTX 50 Januari 2025, zote wakati wa maonyesho ya teknolojia ya CES. Mdundo huo ni wa miaka miwili, ila upungufu wa memori unaweza kuuvunja. Na kati ya tangazo na dukani kuna miezi: laptopu za RTX 50 zilianza kuuzwa kuanzia Machi 2025. Ongeza safari ya mzigo na ile miezi ambayo bei bado iko juu angani. Kama kazi inalipa sasa, miezi yote hiyo ni pesa iliyopotea.

Anayehitaji ujazo bila kuhitaji kadi mpya ana njia ya tatu, ambayo watu wanaipita bila kuiona: mashine za kazi zilizotumika. Quadro RTX 5000 ya laptopu ina GB 16 za GDDR6, RTX A5000 ya laptopu nayo GB 16, na RTX 3080 ya laptopu ilitoka ya GB 8 na ya GB 16, kwa hiyo uliza ni ipi. Zinapatikana ndani ya Dell Precision, HP ZBook na ThinkPad P zinazotoka ofisini. Kwa ramani za mgodi za pande tatu zinafaa sana. Zinachokosa ni uzalishaji wa fremu wa DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu za mchezo), unaoanzia RTX 40.

Agizo na kupokea

Mtu anayekununulia Dubai si lazima ajue memori. Mwandikie wazi, hivi:

"Yaya, jambo. Mashine ninayotaka ni ya RTX 5070 Ti ya laptopu, GB 12, biti 192. Ile 5070 isiyo na Ti usiichukue hata bei ikiwa nzuri, ina GB 8. Naomba picha ya kibandiko cha chini chenye namba yote ya modeli, picha ya GPU-Z mashine ikiwa imewashwa mbele yako, na picha ya chaja ikionyesha wati. RAM iwe vijiti viwili. Klavye AZERTY ikipatikana ni vizuri, isipopatikana QWERTY si shida. Aksanti yaya."

Ikifika, usisaini kitu kabla ya kuiwasha. Fungua GPU-Z na linganisha na picha uliyotumiwa. Programu hiyo inatambua kadi nyingi za bandia za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Kisha endesha jaribio la VRAM (memori ya kadi) la programu ya OCCT kwa dakika 30, mashine ikiwa kwenye umeme. Hesabu ya makosa ibaki sifuri. Kosa hata moja ni chipu mbovu au inayopata joto kupita kiasi, na madoa ya rangi kwenye skrini huenda yakafuata. Kwa mashine iliyotumika, rudia jaribio ikiwa imeshapata moto kwa saa moja, kwa maana chipu iliyochoka hufaulu ikiwa baridi. Na plagi yake huenda ikawa ya pini tatu za mraba: nunua waya mpya wa chaja wenye kichwa cha hapa, sio kile kiunganishi chepesi cha plastiki ambacho kinalegea na kutoa cheche kikibeba wati 300.